Taa mpya ufuoni na nyota zilizofutika: tuanzie wapi hapa Shela?

Mwalimu wa Shela

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote. Mimi ni mwalimu hapa kisiwani Lamu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na desturi ya kuwapandisha wanafunzi wakubwa juu ya dari yetu katika siku za giza, kabla mwezi haujaandama, ili niwaonyeshe mbingu. Katika msimu huu wa kaskazi, kuanzia saa nne za usiku, upande wa kusini-mashariki ndio mtamu zaidi: ile nyota Suheli imekwisha kupanda, Msalaba wa Kusini unaibuka kutoka baharini, na kati yao hupita ile sehemu nzito ya Njia Nyeupe, ambayo wengine huiita Njia ya Maziwa. Mwaka huu hatukuona kitu upande huo. Nyumba ya wageni iliyo mbele yetu imefunga taa mbili kubwa nyeupe ukutani, zikielekezwa baharini, nami nilidhani kwanza kwamba pengine ni unyevu wa bahari au macho yangu yanaanza kuzeeka.

Kisha, wiki iliyopita, umeme ulikatika kisiwa kizima tukiwa juu ya dari. Kwa muda wa dakika ishirini hivi tuliiona mbingu ambayo baadhi ya watoto hawakuwa wameiona maishani mwao, hata mmoja akauliza lile wingu jeupe litanyesha lini. Halafu jenereta ya nyumba ile ikanguruma na zile taa mbili zikawaka peke yake, mji mzima ukiwa bado gizani. Hapo nikaona jambo lililonitatiza. Upande wa kusini-mashariki ulifutika papo hapo, lakini utosini mbingu ilibaki nyeusi na nyota zake zote. Umeme wa mji uliporudi, na utosini nako kukafifia, ingawa kwa kiasi.

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwa nini upotevu huu ulikuja kwa hatua mbili? Nimwambie nini mwenye nyumba, ambaye ni mtu mwema na anasema taa ni kwa ajili ya walinzi na wageni wake? Na je, sheria zetu zinasema lolote? Ningependa kutanguliza kwamba sitafuti ugomvi na jirani.

Fundi wa Stima, Malindi

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Ulilolifanya usiku ule, bila kukusudia, ni jaribio zuri kuliko mengi ambayo sisi mafundi tungeweza kukupangia kwa vifaa, kwa sababu ulipata kuwasha taa mbili tu na kuuzima mji wote.

Uliyoyaona ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni mng'ao wa moja kwa moja: balbu inaonekana kutoka pale ulipo, inapiga jicho, na jicho linajifunga. Jicho la mwanadamu linahitaji kati ya dakika ishirini na thelathini kulizoea giza sawasawa, nalo hupoteza mazoea hayo kwa kutazama taa kali mara moja tu. Zile taa hazikuichafua mbingu yote. Zilikupofusha wewe kwa upande ule. La pili ni mwanga unaopotea kwenda juu kutoka maelfu ya taa za mji, ukagonga hewa, vumbi na mvuke wa bahari, kisha ukarudi chini kama utandu wa weupe. Huo ndio uliofifisha utosi. Kwa hiyo tatizo lako kubwa ni jepesi kuliko unavyodhani, maana taa inayopofusha hurekebishwa kwa spana na nusu saa ya kazi.

Sasa kuhusu rangi, ambayo watu wengi huipuuza. Taa nyeupe za LED zinazouzwa kwa wingi madukani hutoa kilele cha mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450, na hewa hutawanya mwanga wa buluu kwa nguvu zaidi kuliko wa manjano; ukilinganisha na mwanga wa nanomita 600, tofauti hufika karibu mara tatu. Ndiyo maana mji uliobadilisha taa zake za zamani za rangi ya chungwa na kuweka nyeupe unaweza kuipoteza mbingu hata kama bili ya umeme imeshuka. Tazama maandishi kwenye boksi la balbu: kipimo cha kelvini 6500 ni nyeupe inayokaribia buluu, 3000 ni ya uvuguvugu, na 2200 inakaribia rangi ya taa ya kandili. Kwa nje ya nyumba, na hasa ufuoni, mimi siweki zaidi ya 3000, na nikizipata za 2200 huwa nashukuru.

Mwambie jirani ainamishe taa mpaka kioo chake kielekee chini kabisa. Afunge kofia juu na ubavuni, aweke balbu ya nguvu ndogo zaidi, na baada ya saa tano za usiku aache moja tu. Kuhusu kofia, nakuonya kwa uzoefu: nilikata madebe mwaka mmoja nikayafunga kwenye taa za mteja wa Mambrui, na chumvi ya bahari ikayala yote kabla ya msimu kwisha. Tumia bomba nene la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, au alumini. Wala usikubali taa za mpira, zile za duara zinazopendwa kwenye bustani za hoteli, kwa kuwa karibu nusu ya mwanga wake huenda juu kwa popo.

Bi wa Langoni

Nimeyasoma yote haya kwa heshima, na sina neno na nyota. Lakini naomba ndugu zangu wanaume wanaopanda juu ya dari wakumbuke wanaopita chini. Kichochoro kinachotoka Usita wa Mui kwenda kwetu hakina balbu hata moja, nacho ni chembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo na mtu hawapishani bila mmoja kurudi nyuma. Wanawake hupita hapo wakitoka harusini, wakitoka kumuuguza mgonjwa, na wengine wakiwahi kumpokea msafiri wa boti ya alfajiri. Mkianza kampeni ya kupunguza taa, nina hakika itakayozimwa kwanza ni ya maskini, na ya hoteli itabaki ikiwaka.

Na hiyo habari ya taa zinazojiwasha mtu akipita, ambayo najua itatajwa, tumekwisha kuijaribu kwenye daka letu. Punda akipita, inawaka. Paka akipita, inawaka. Hapa Lamu hakuna dakika inayopita bila paka.

Fundi wa Stima, Malindi

Bi, umesema kweli, nami sikuieleza vizuri nia yangu. Mwezi mpevu ukiwa utosini huangaza ardhi kwa kiasi kisichofikia hata robo tatu ya laksi moja (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na sote tumewahi kutembea kwa mbalamwezi bila kujikwaa. Kichochoro chenu kinahitaji laksi chache tu, zinazoanguka sakafuni, wala si machoni mwa mpitaji. Mwanga ambao nyumba moja inaumwaga baharini usiku kucha ungetosha vichochoro kadhaa vya Langoni. Kwa hiyo hoja yangu haihusu kupunguza taa za wapita njia; inahusu kuuchukua mwanga unaopotea na kuuweka pale mtu anapokanyaga.

Tena kuna jambo la usalama ambalo wenye nyumba hawalijui mpaka walione. Taa kali iliyoelekezwa mbele hutengeneza kivuli cheusi sana nyuma na pembeni yake. Mwizi anayejua kazi yake husimama palepale, chini ya ukuta wenye taa, na hakuna jicho linaloweza kumwona. Zile nguzo ndefu tunazoziita mulika mwizi zina tabia hiyohiyo zikifungwa ovyo: humulika kila kitu isipokuwa mwizi. Kuhusu punda na paka sina jibu. Weka kihisi juu zaidi na ukielekeze mlangoni, kitapunguza nusu ya usumbufu.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu Mwalimu, mimi ni mtu wa jahazi, na nimefurahi kusikia kwamba bado kuna mtu anayewafundisha watoto jina la Suheli. Kwetu sisi Suheli ilikuwa nyota, na ilikuwa pia upande wa kusini wenyewe. Ukiambiwa shika suheli, ulijua pa kuelekeza omo. Nyota ya kaskazini hatuioni tukiwa Lamu, kwa sababu tuko zaidi kidogo ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta nayo imejificha chini ya upeo. Ilikuwa inaibuka tukikwisha kuipita Mogadishu na kuendelea juu, na vijana waliokuwa wakisafiri kwa mara ya kwanza walikuwa wakiitwa waje kuiona. Mkulima naye alikuwa na Kilimia chake, kile kishada cha nyota, ambacho jina lake limetoka katika kulima. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mpaka leo huzama magharibi jioni za mwezi wa tano, masika yakiwa yameshika, kisha kikaonekana tena alfajiri za mwezi wa sita.

Lakini nataka kutaja moja ambalo sijaona mtu akilitaja, nalo ni alfajiri. Sote tulifundishwa chuoni kwamba kuna alfajiri mbili. Ile ya uwongo hupanda wima kama mkia, mrefu na mwembamba, kisha giza hurudi. Ile ya kweli hutanda kwa upana ukingoni mwa mbingu, na ndiyo inayomfungia mtu daku na kumwingiza katika sala ya asubuhi. Wanajimu wa leo wanaeleza kwamba ule mkia ni mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotawanyika kati ya sayari, na kwamba huku kwetu karibu na ikweta huonekana vizuri kuliko nchi za kaskazini kwa sababu husimama karibu wima. Nilipokuwa kijana niliuona mara nyingi kutoka sitahani. Sasa nikisimama gatini Lamu kabla ya adhana siuoni, na nilipowauliza vijana watano msikitini, wote walijua hukumu yake na hakuna aliyewahi kuuona kwa macho. Tunafundisha tofauti ya vitu viwili, na kimoja tumekifuta kwa taa.

Mwezi wa Ramadhani usitiwe katika hoja hii, kwa maana mwezi mwandamo hutafutwa magharibi mapema, mbingu ikiwa bado na mwanga wa jua, na kinachotuzuia ni mawingu zaidi kuliko taa. Nasema hivi ili jirani yako asikushinde kwa hoja dhaifu.

Doria ya Kasa, Watamu

Mwalimu, shikamoo. Mimi hujitolea kulinda viota vya kasa, na nakuomba hoja ya kasa uiweke mbele ya ile ya nyota pale utakapokutana na mwenye nyumba, kwa kuwa wageni wake husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama.

Kasa wa kijani hutaga mayai yapatayo mia moja katika kiota kimoja, nayo hukaa mchangani karibu miezi miwili. Watoto hutoka usiku, mchanga unapopoa, na hawana wa kuwaongoza isipokuwa mwanga: hukimbilia upande wa upeo ulio mweupe na ulio chini, ambao kwa mamilioni ya miaka ulikuwa bahari, na hukimbia upande wenye giza lililoinuka, yaani matuta ya mchanga na majani. Shela mna matuta makubwa, yaleyale yanayowahifadhia maji ya kunywa ya mji, na matuta yale yakiwa meusi huwa kama ukuta unaowasukuma watoto kuelekea majini. Ukiweka taa mbele ya matuta, ukuta umegeuka kuwa mlango. Nimewafuata kwa nyayo zao asubuhi, na nyayo hizo zilikuwa zikizunguka, zikirudi, zikaishia chini ya ua wa mtu, ambako kunguru na kaa walikuwa wametangulia. Kasa mama naye akikuta ufuo umewaka huweza kurudi baharini bila kutaga.

Rangi ya kaharabu haiwasumbui sana kama nyeupe, ila isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuwasha kadiri mtu apendavyo. Taa ya kaharabu inayoonekana kutoka mchangani bado ni taa. Mapazia ya vyumba vinavyotazama bahari yafungwe pia. Na ukiona kiota karibu na nyumba ile, usiwabebe watoto kwa mikono kwa huruma. Zuia mwanga kwa ubao au mkeka upande wa nchi kavu, uite wahifadhi walio karibu nawe, kisha waache watembee wenyewe.

Nyongeza ndogo kwa wapenda ndege. Katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, pale Ngulia, watafiti wamekuwa tangu 1969 wakiwavalisha pete ndege wahamiaji wanaoshuka usiku wa ukungu, mwishoni mwa mwaka, wakivutwa na taa za hoteli iliyo kilimani. Pale elimu imefaidika. Kwingineko ndege huzunguka taa mpaka wakachoka, na hakuna anayewahesabu.

Mzaliwa wa Ngomeni

Nijibu swali la sheria, kwa kuwa wengine wamelipita. Sijakuta katika sheria zetu kifungu kinachotaja mbingu ya usiku kwa jina, lakini mlango upo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inazipa kaunti kazi ya taa za barabarani, na vilevile udhibiti wa uchafuzi wa hewa, wa kelele, wa kero nyingine za umma na wa matangazo ya nje. Kwa hiyo bunge la kaunti linaweza kutunga kanuni ya taa za nje bila kusubiri Nairobi, na Lamu, ambayo Mji wake Mkongwe umekuwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ina sababu kuliko kaunti nyingi. Tunabishana kuhusu milango ya nakshi na urefu wa ghorofa, na hakuna anayeuliza habari za taa iliyopigiliwa juu ya mlango huo.

Wengine wametangulia. Ufaransa iliagiza mwaka 2013 kwamba madirisha ya maduka yazimwe saa saba za usiku, na mwaka 2018 ikaweka mipaka ya rangi ya taa na mwanga unaokwenda juu. Afrika Kusini ilitunga mwaka 2007 sheria ya kulinda maeneo yake ya unajimu. Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, ya kwanza barani Afrika. Mimi lakini singeanza na cheti. Cheti huja na vikao, na vikao huja na posho.

Na kwa fahari ya kwetu, mniwie radhi: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini mbele ya kijiji chetu, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya kusherehekea uhuru wa Kenya. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Setilaiti ile haikujali taa za Malindi, maana ilikuwa juu ya hewa yote. Watoto wetu ndio walio chini ya hewa.

Mwalimu wa Shela

Nimerudi baada ya mwezi mmoja, giza la mwezi lilipoingia tena, na nawashukuru nyote.

Nilikwenda kwa jirani pamoja na mzee mmoja wa mtaa. Nilizungumza habari za nyota, akasikiliza kwa adabu. Nilizungumza habari za kasa, akasema ni jambo la kusikitisha. Kisha nikakumbuka maneno ya Fundi, nikamwomba ashuke nami ufuoni usiku, asimame majini kifundoni na kuitazama nyumba yake, huku mlinzi wake akiwa amesimama chini ya ukuta. Nikamuuliza mlinzi yuko wapi. Alimtafuta kwa muda, akamwita kwa jina, na mlinzi akamjibu kutoka hatua kumi na tano bila kuonekana. Kesho yake alinitumia fundi wake aje kuniuliza zile kofia hutengenezwa vipi.

Taa moja imeinamishwa chini na kufungwa kofia ya bomba. Ya pili imeondolewa kabisa. Balbu za 2200 hatukuzipata kisiwani, tumeagiza Mombasa, na kwa sasa kuna ya 3000. Juzi tulipanda juu ya dari kuanzia saa tatu. Kwa kipimo tuliutumia Msalaba wa Kusini: mwezi uliopita wanafunzi waliziona nyota zake nne kubwa kwa taabu, nikalazimika kuwaonyesha kwa kidole, safari hii kila mmoja aliiona na ile ya tano, ndogo, bila kuambiwa iko wapi. Njia Nyeupe imerudi upande wa baharini, ila juu ya mji bado ina utandu, na sitarajii uondoke kwa kofia moja ya bomba. Ile nguzo ya mulika mwizi iliyo karibu na gati humulika mpaka Manda, na bado sijajua swichi yake inashikwa na nani. Mzaliwa wa Ngomeni, nitakuandikia kuhusu barua ya kwenda kaunti.

Nahodha, tulipanda tena saa kumi za usiku, wanafunzi sita na wazazi wawili. Kulikuwa na mawingu mashariki. Tutajaribu tena.

Bi wa Langoni, ile taa iliyoondolewa ilikuwa kali mno kwa kichochoro, kwa hiyo mwenye nyumba ametoa pesa za balbu mbili ndogo za uvuguvugu, na fundi wake atazifunga Jumamosi, usawa wa kiuno, zikitazama sakafu. Naomba uniambie zikae wapi hasa, maana wewe ndiwe mpitaji.

Bi wa Langoni

Moja pale kwenye kona ya kisima, kwa sababu ya ngazi iliyovunjika, na nyingine mlangoni kwa mama mkunga. Mwambieni asiweke kihisi.